Maiti ya Mvule

Mumbere hajafa. Naanza na hilo moja kwa moja, kwa sababu wiki nzima wasomaji mmenipigia simu mkilia, na mama mmoja wa Naguru ameniuliza mazishi ni lini ili aombe ruhusa kazini. Mama, endelea na kazi.

Tulipoachana, pikapu ilikuwa imesimama pale Ndeeba, mbele ya karakana ya mbao ya Mumbere, ikashusha jeneza lenye kioo. Mwendesha boda mmoja akachungulia kwenye kioo kile, akauona uso wa Mumbere, akavua kofia na kuutangazia mtaa mzima kwamba mgombea udiwani amefariki.

Mgombea mwenyewe alikuwa juu ya rundo la mbao, karibu kabisa na bati, amelala kifudifudi na mfuko wa karanga mkononi. Tangazo lote alilisikia.

"Oloo," akanong'ona. "Kwani nimekufa?"

Oloo, Mkenya wa Busia, karani wake na meneja wake wa kampeni, alikuwa amelala kando yake akichungulia kwenye upenyo wa mbao. "Kwa hawa walio chini, ndiyo, bosi."

Sasa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi, tulia nikueleze haraka, wenzako wananisubiri. Mumbere ni mfanyabiashara wa mbao anayetaka kuwa diwani wa jiji. Siku hii ni siku ya mchujo wa chama chake, na chama chake hakina habari ya karatasi na masanduku. Picha za wagombea zinawekwa uwanjani, watu wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, filimbi inalia, vichwa vinahesabiwa, basi. Na mgombea haruhusiwi kuonekana uwanjani mpaka hesabu iishe. Akionekana, anafutwa.

Kwa hiyo Mumbere alitakiwa awe nyumbani kwake Old Kampala, amekaa kwenye kochi. Lakini uwanja wenyewe uko mbele ya karakana yake, na mtu yule hawezi kukaa mbali na mahali jina lake linapotajwa.

Na jeneza je? Hapo ndipo ninapochoka naye. Wagombea wengine walileta picha za karatasi. Mumbere akasema yeye ni mtu wa mbao, atakuja kwa mbao. Akamwagiza Bisimwa, fundi wa Bukavu anayetengeneza majeneza, amchongee sanamu yake ya mvule, kimo chake kamili. Chama kikakubali, kwa sababu kanuni inasema "picha au mfano". Asubuhi ya kura mvua ikanyesha, vanishi haijakauka, Bisimwa akaona aifunike sanamu ndani ya kitu chenye kifuniko. Na kwa Bisimwa, kitu chenye kifuniko ni jeneza.

Sasa tuendelee.

"Shuka uwaambie niko hai," akasema Mumbere.

"Wataniuliza uko wapi."

"Sema niko nyumbani."

"Watasema nikupigie. Simu yako iko mfukoni mwangu, bosi. Italia hapa hapa juu."

Mumbere akafikiri. Akishuka mwenyewe, anafutwa. Mikutano yote, fulana zote zenye uso wake, ahadi zote za mitaro na taa za barabarani, kwisha. Akatia karanga mdomoni kwa hasira.

Chini, Bisimwa alikuwa anajitahidi. Alipanda juu ya pikapu, akainua mikono.

"Batu, musikie. Huyu haiko mufu. Hii ni muti. Miye njo nilimuchonga."

Watu wakamtazama kwa huruma. Wanaume wawili wakamshusha taratibu, wakamkalisha kwenye gogo na kumpepea kwa kipande cha boksi. Mmoja akasema fundi alimpenda sana marehemu, majonzi yamempanda kichwani.

"Nasema ni muti," akarudia Bisimwa.

"Ndiyo, ssebo, ndiyo bwana. Kunywa maji."

Mwendesha boda wetu sasa alikuwa amejipa kazi ya kuwaonyesha watu kioo. "Mimi ndiye wa kwanza kumuona," alikuwa akisema. "Amerala pale ndani kama anasikiriza ledio."

Walichungulia mmoja baada ya mwingine. Na hapa lazima niseme kweli, Bisimwa anajua kazi yake. Shavu lilikuwa shavu la Mumbere, pua ilikuwa pua ya Mumbere, na vanishi ilikuwa imempa mng'ao ambao Mumbere wa nyama hajawahi kuwa nao tangu ubatizo.

"Bambi, maskini, wamemtengeneza vizuri," akasema mama mmoja.

"Amependeza kuliko alivyokuwa hai."

"Hata kidevu cha pili kimeondoka."

Juu ya mbao, Mumbere akajishika kidevu. Pale kwenye gogo, Bisimwa naye akaacha kubisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu walikuwa wanaisifu kazi yake, na tangu hapo hakusema tena kwamba ni mti.

Jeneza lilikuwa limewekwa palepale sanamu ilipotakiwa kusimama, kwenye alama ya chokaa iliyoandikwa jina la Mumbere. Kando yake, kwenye alama nyingine, wakala alikuwa ameshika picha ya Nafuna, mpinzani wake, na nyuma ya picha ile kulikuwa na mstari mrefu wa kutisha.

Kati ya alama hizo mbili alisimama Afande Amito, msimamizi wa kura, filimbi shingoni na fimbo mkononi. Afande Amito alistaafu polisi, ila bado anaishi kwenye kambi ya polisi ya Naguru, bado anaamka kwa tarumbeta za kichwani mwake, na kanuni za chama anazishika kuliko waliozitunga.

"Afande, mgombea amekufa," watu wakamwambia.

"Nani ameniletea karatasi ya kifo?"

Mtu mmoja akamwonyesha jeneza.

"Basi kura inaendelea. Filimbi ni saa nne. Nani atataka kulia, alie, lakini asivuke chokaa yangu."

Hapo ndipo Perpétue alipofika.

Perpétue ni mke wa Mumbere, mwanamke wa Bwera, aliyebatizwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, na mapadri wa Kifaransa, ndiyo maana jina lake lina mkwaju juu ya herufi. Ndiye aliyemdhamini Mumbere kwenye fomu za chama, mdhamini wa kwanza, siku ambayo wanaume wote wa mtaa walisema watatia sahihi kesho. Na asubuhi hiyo yote alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kwenye matope, anawatoa wanawake jikoni waje kumpigia kura mume wake. Alikuja nao nyuma yake, kundi zima, wengine bado wana unga mikononi.

Watu wakampisha. Akaenda mpaka kwenye kioo. Akatazama.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, palepale kwenye maranda yaliyolowa, na miguu yake ikabaki imenyooka mbele kama ya mtoto. Halafu akaanza kulia.

Juu ya rundo, roho ilimuuma Mumbere. Iliuma kweli, sitanii katika hili. Karanga zikamkwama.

"Bosi," akasema Oloo, "hii si nzuri. Niache nishuke kwa nyuma, nimnong'oneze mama. Neno moja tu."

"Ndiyo. Nenda," akasema Mumbere. Oloo akaanza kujivuta kinyumenyume.

Na Oloo angefika, wasomaji wangu, na hadithi hii ingeishia hapa kwa amani, kama gari la Nafuna lisingetokea wakati uleule.

Nafuna anauza mitumba soko la Owino, na ameuza mitumba mpaka ana gari. Kanuni ilimkataza naye kuonekana uwanjani. Lakini katika siasa za Kampala unaweza kukosa bunge, unaweza kukosa kanisa, harusi ya mdogo wako unaweza kuikosa. Msiba huwezi. Kwenye buti la gari lake kuna gomesi nyeusi, lile vazi refu la heshima la akina mama, imepigwa pasi, inasubiri siku zote. Alishuka akiwa ameshaivaa, na nyuma yake kijana wa video.

"Nnyabo, mama, wewe ni mgombea," akasema Afande Amito. "Huruhusiwi hapa."

"Afande, nimekuja kama mfiwa. Mpinzani wangu amekufa, nagombea na nani?"

Afande Amito akafungua kitabu chake cha kanuni, akakisoma, akakifunga. Akasema mgombea asiye na mpinzani si mgombea, ni raia, aingie.

"Oloo," akanong'ona Mumbere. "Ngoja kwanza."

"Bosi, mama analia."

"Namsikia. Ngoja kidogo nisikie huyu atasema nini."

Nafuna akapewa kipaza sauti. Kwanza aliinama na kumkumbatia Perpétue mahali ambapo kamera ilimwona vizuri. Kisha akasimama.

"Ndugu zangu, leo Ndeeba imebaki yatima. Huyu mtu alikuja mjini na msumeno mmoja tu."

"Ilikuwa panga," akanong'ona Mumbere, "na si langu."

"Alilala kwenye vumbi la mbao, akapanda, akapanda, mpaka mbao za nusu ya mji huu zikawa zinapita mikononi mwake."

"Robo," akasema Mumbere, lakini macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

"Alijenga shule."

"Nilitoa madawati. Matatu."

"Watu wanasema tulikuwa maadui. Uongo. Mimi nilimpenda Mumbere. Angekuwa hai leo, naapa mbele ya jeneza lake, ningemwachia hiki kiti. Ningekuja kupanga mstari nyuma yake mimi mwenyewe."

Umati ukaguna kwa uchungu. Mumbere alijifuta machozi kwa mkono wa shati. Maisha yake yote alitaka mtu aseme maneno hayo kwenye kipaza sauti, na sasa yamesemwa, tena na adui, tena kwa video. Akachota karanga nyingine, akazisugua ganda, akapuliza.

Maganda yakashuka taratibu kwenye upenyo wa mbao, yakaenda kutua kichwani kwa Perpétue.

Perpétue akapangusa nywele. Akatazama kilicho kwenye kiganja chake. Kisha akainua uso juu, akaangalia kwa muda mrefu kule kwenye rundo la mbao.

"Muone, anamwomba Mungu," akasema Mumbere, na kilio kikamshika upya. "Mke mwema sana yule."

Oloo alikuwa anautazama mguu wa kushoto wa bosi wake, ambao ulikuwa umejitokeza nje ya rundo, na kiatu chake cha kahawia chenye kamba ya njano kilikuwa kinaning'inia hewani. Kamba ya kwanza ya kiatu kile ilipotea zamani, na Perpétue ndiye aliyeitia hii ya njano kwa mkono wake.

Chini, Perpétue akaanza kulia upya. Safari hii alilia kwa sauti kubwa, na kwa maneno.

"Mume wangu, nani sasa atapanda juu ya kitanda akiona mende?"

Wanawake wakatazamana.

"Mume wangu, nani atapaka ndevu zake rangi ya viatu, anifundishe mimi niseme ni za kuzaliwa?"

"Mbona anasema hayo mbele za watu?" akauliza Mumbere.

"Mume wangu, mwenye mbao za Ndeeba nzima, kitanda chetu kimevunjika mguu tangu Pasaka. Nimekwambia. Ukasema kesho. Mimi nalala juu ya matofali, na wewe unachongwa mzima mzima kwa mvule."

Hapo kicheko kilimponyoka mtu fulani karibu na mtaro, akajifanya anakohoa. Mumbere alikuwa amekunja uso. Alijaribu kukumbuka kama kweli ilikuwa Pasaka.

Sauti ya Perpétue ikashuka, na watu wakasogea ili wasikie.

"Nimezunguka nyumba hizi zote. Nimepiga magoti jikoni kwa watu nikisema mpigieni mume wangu. Na kila mkutano ukiisha, ulikuwa unashika kipaza sauti unashukuru. Ulimshukuru mchungaji. Ulimshukuru hata mwenye spika. Mimi nilikuwa nimesimama pale na masufuria ya chai. Hukunitaja siku hata moja."

Wale wanawake wenye unga mikononi walikuwa wanalia sasa, na walikuwa wanalia kweli.

Mumbere alitaka kumwambia Oloo ashuke, ashuke sasa hivi, lakini Nafuna alikuwa ameshika tena kipaza sauti, maana hakupenda kuona mtu mwingine anatazamwa na kamera.

"Ndugu zangu, tumuage. Tupange mstari, mmoja mmoja, kwa heshima. Mimi natangulia."

Na akatangulia. Akasimama kichwani mwa jeneza, kijana wa video akapiga magoti kumchukua vizuri. Wanawake wa Perpétue wakapanga nyuma yake. Wapakizi wa malori wakapanga. Waendesha boda wakapanga. Na ule mstari mrefu nyuma ya picha ya Nafuna ukaanza kumeguka, maana nani atabaki amesimama peke yake nyuma ya karatasi wakati jirani anaagwa hatua chache kutoka pale, na kiongozi wake mwenyewe ameshahama? Walikuja wote, kofia mkononi, wakaingia nyuma. Mstari ulipita karakana, ukapita duka la misumari, ukakunja kona.

Nyuma ya picha ya Nafuna alibaki mzee mmoja, ambaye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha picha ile anakula muhogo.

Oloo aliuona mstari kwanza. Kisha akamwona Afande Amito anaangalia saa yake.

"Bosi," akasema. "Usipumue."

Filimbi ikalia.

"Nyinyi wote, simama hapo hapo," akasema Afande Amito. "Hakuna kutembea. Mimi nahesabu."

Akaanza kupita kwenye mstari, anagusa kila bega kwa fimbo. Bega la kwanza lilikuwa limevaa gomesi nyeusi.

"Afande, mimi si wa kuhesabu," akasema Nafuna. "Nimekuja kuaga."

"Uko kwenye mstari ama hauko?"

"Niko, lakini..."

"Kanuni haiulizi umekuja kufanya nini. Moja."

Nafuna akageuka kumtafuta wakala wake. Akaiona picha yake, akamwona mzee wa muhogo, akaona ule mstari uliokunja kona. Alitaka kuchomoka, fimbo ya Afande ikalala mbele ya kifua chake. Kijana wa video aliendelea kurekodi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Hesabu ilichukua muda. Ilipoisha, Afande Amito alirudi kwenye chokaa, akasimama mguu sawa.

"Nafuna, mmoja. Mumbere, wengine wote. Natangaza Mumbere ameshinda."

Watu hawakujua wapige makofi au walie. Wengine walifanya vyote viwili.

"Amekufa," akasema Nafuna. "Afande, maiti haiwi diwani."

"Kanuni inasema mshindi ajitokeze. Asipojitokeza, tutaona."

Juu ya mbao, Mumbere alikuwa ameshamkumbatia Oloo, ameshamwachia, ameshapangusa kola. Hesabu imeisha. Sasa anaruhusiwa kuonekana. Alipanga ashuke kwa nyuma, azunguke, atokee barabarani kama mtu anayetoka nyumbani, lakini furaha ilimzidi. Akakanyaga ubao wa pembeni, ubao ukateleza, na rundo zima likamtema. Alishuka pamoja na mbao saba nane mpaka kwenye lundo la vumbi la mbao, akazama, akaibuka. Alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu.

"Ndugu zangu," akasema, akakohoa vumbi. "Nipo."

Mstari haukungoja maelezo. Nusu yake ilikimbilia mtaroni, nusu barabarani. Mwendesha boda aliyetangaza kifo alikuwa ameshawasha pikipiki na kuondoka, kofia yake akaiacha.

Afande Amito peke yake hakusogea. Alienda kwenye jeneza, akafungua kifuniko, akagonga paji la uso la marehemu kwa fimbo. Ko, ko, ko. Sauti ilikuwa ya mvule safi.

"Niliwaambia," akasema Bisimwa kutoka kwenye gogo lake.

Taratibu watu wakarudi. Walimtazama Mumbere wa mti, wakamtazama Mumbere wa vumbi. Afande Amito akamsimamisha yule wa vumbi mbele yake.

"Wewe ni nani?"

"Mumbere. Mshindi."

"Wakati wa kura ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Afande. Old Kampala. Nimekaa kwenye kochi."

"Na hii unga?"

"Nimepita karakana kwa nyuma, nikateleza."

"Muongo huyo," akasema Nafuna. "Alikuwa juu ya mbao tangu asubuhi. Afutwe."

"Nani alimuona?" akauliza Afande.

Hakuna aliyemwona. Oloo, aliyekuwa bado juu, alijikunja akawa mdogo.

Afande Amito akafungua kitabu chake. "Kanuni inasema mshindi anatambuliwa na mdhamini wake wa kwanza. Mdhamini aseme huyu ni nani na alikuwa wapi. Mdhamini ni nani?"

"Ni mimi," akasema Perpétue.

Alikuwa amesimama. Maranda yalikuwa yameganda kwenye sketi yake. Mumbere akapumua. Aliona mambo yamekwisha vizuri. Perpétue atasema neno moja, alikuwa nyumbani, nilimwacha kwenye kochi, na tiketi ya udiwani ni yake. Akamwekea lile tabasamu analoliweka kwenye mabango.

"Mama," akasema Afande. "Unamjua huyu?"

Perpétue akamwangalia mume wake. Akaliangalia jeneza. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumbwa, kama anashika kitu asichotaka kidondoke.

"Afande, mimi nimelia hapa tangu mvua ikatike. Wewe mwenyewe umenisikia. Mume wangu angekuwa hai, akanisikia nalia vile, angekuja. Hata kama wangemfuta, hata kama wangemfunga, angekuja. Huyu hakuja."

Akafumbua ngumi. Maganda ya karanga yakaanguka chini.

"Huyu simjui."

Tabasamu la mabango lilibaki usoni kwa Mumbere kwa muda, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari. Kisha likaondoka. Alisema "Perpétue" mara mbili, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwenye mkutano wowote, na mara zote mbili Perpétue alikuwa anamtazama Afande.

"Kale, sawa," akasema Afande Amito. "Mshindi hakutambuliwa. Kanuni inasema mdhamini wa kwanza anashika tiketi yake mpaka chama kikae. Mama, unakubali?"

"Nakubali."

Wale wanawake wenye unga walipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye mabati. Nafuna akaketi chini palepale na gomesi yake ya msiba. Mtu akampa Perpétue kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

"Sijui kuhutubia," akasema. "Nitashukuru tu. Nawashukuru mama zangu mlioacha vyungu motoni. Namshukuru Afande. Namshukuru fundi Bisimwa kwa kazi nzuri. Namshukuru Nafuna kwa kupanga mstari. Namshukuru Oloo, ambaye sasa anaweza kushuka. Namshukuru mwenye spika."

Mumbere alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, anangoja. Alijua bado. Mkubwa hutajwa mwisho.

"Basi. Asanteni."

Na akarudisha kipaza sauti.

Wapakizi waliinua sanamu kutoka kwenye jeneza, wakaisimamisha kwenye pikapu ya Bisimwa, nyuma, wakaifunga mkanda. Perpétue akapanda mbele, karibu na dirisha. Funguo za nyumba ya Old Kampala zilikuwa kiunoni mwake, ndani ya fundo la kanga.

Mumbere akakimbilia dirishani. "Mke wangu, tuongee. Mguu wa kitanda nitautengeneza leo. Leo hii."

Perpétue akateremsha kioo.

"Bwana nisiyekujua," akasema, kwa upole kabisa, "funga kiatu. Hiyo kamba ya njano ilikuwa inaning'inia tangu asubuhi."

Pikapu ikaondoka. Mumbere wa mti alionekana mpaka kwenye kona, ameinua kidevu, anang'aa.

Mumbere wa nyama akainama afunge kamba. Alikuwa bado ameinama pale, analia vumbi la mbao, alipoona pindo la gomesi nyeusi limesimama mbele yake.

"Pole, ssebo," akasema Nafuna. Kijana wa video alikuwa nyuma yake, kamera inawaka. "Tusaidiane. Wewe sema hapa, kwenye hii video, kwamba ulikuwa juu ya zile mbao asubuhi yote. Neno moja tu. Kura zinafutwa, tunarudia, kufutwa kwako niachie mimi, na jina lako unalipata tena. Utakuwa Mumbere."

"Na Perpétue?"

"Yule atarudi jikoni. Si ndiko alikokuwa?"

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inamtazama. Mumbere akaiangalia ile kamba ya njano mkononi mwake, akaliangalia lile jeneza tupu la Bisimwa lililobaki kwenye chokaa juu ya jina lake, akapangusa midomo, akaufungua mdomo.